Matibabu ya akili kwa mtoto: nani anatoa ruhusa?



Katika kliniki ya afya ya akili kuna swali ambalo walezi huuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya kukaa nalo nyumbani miezi mingi: "Huyu mtoto sikumzaa mimi. Je, naruhusiwa kumwekea sahihi?" Shangazi analea mtoto wa marehemu kaka yake, naye anaanguka kifafa. Nyanya anaishi na wajukuu ambao mama yao alibaki Masisi. Kijana wa miaka 17 ndiye mkubwa wa nyumba, na mdogo wake haongei tangu walipovuka mpaka wa Bunagana. Wote hao wamesikia kwamba hospitali haiwezi kumgusa mtoto mpaka mzazi asaini, basi wanangoja. Ugonjwa haungoji. Mtoto wa kifafa asiyepata dawa anaweza kuangukia motoni wakati wowote.

Leo tunaeleza sheria inavyosema. Sheria tunayoizungumzia ni ya Uganda, kwa sababu kila mkimbizi aliye katika makazi ya Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja na mengineyo yuko chini ya sheria za nchi hii, awe alitoka Kongo, Burundi, Rwanda au Somalia. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ina kifungu maalum kuhusu haki za watoto wakimbizi. Mtoto wako haombi hisani anapofika kituo cha afya.

Nani anaitwa mtoto?

Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa mwaka 2016, inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Urefu hauhesabiki, kuota ndevu hakuhesabiki, na kuolewa hakuhesabiki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 31, imeweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 aliyeozwa kimila bado ni mtoto mbele ya sheria, na yule anayeitwa mume wake hapati mamlaka ya mzazi juu yake kwa ndoa hiyo. Lakini kama msichana huyo amezaa, yeye ni mzazi wa mtoto wake, na daktari atazungumza naye kuhusu matibabu ya mtoto huyo.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Katika upimaji wa virusi vya UKIMWI, sera ya Wizara ya Afya ya Uganda inamruhusu mtoto wa miaka 12 na kuendelea kukubali mwenyewe kupimwa. Vijana wanaijua sera hiyo, na wengine hufikiri inahusu kila huduma. Inahusu kipimo hicho. Kwa dawa za ugonjwa wa akili, au kwa kulazwa, mtu mzima anayewajibika kwa mtoto bado anatafutwa. Hata hivyo kijana anayetaka tu kuja kuzungumza na mshauri asiogope kuja peke yake. Atapokelewa, atasikilizwa, kisha yeye na mshauri watapanga pamoja ni mtu gani mzima wa kumshirikisha na aambiwe nini.

Ruhusa ni kitu gani hasa?

Ruhusa, au ridhaa kama wanasheria wanavyopenda kuiita, siyo ile alama ya kidole gumba kwenye karatasi. Alama ni ushahidi tu kwamba mazungumzo yamefanyika. Kabla ya kuweka alama unatakiwa uwe umeelezwa mtoto anaonekana kuwa na shida gani, matibabu yanayopendekezwa ni yapi, yatasaidia nini, yanaweza kuleta madhara gani, kuna njia nyingine ipi, na nini kinaweza kutokea msipofanya lolote. Ukiulizwa "umeelewa?" na hujaelewa, sema sijaelewa. Hati ya haki za wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 inampa kila mgonjwa haki ya kupewa maelezo na kukubali au kukataa matibabu.

Maelezo yatolewe kwa lugha unayoielewa. Hili ni tatizo la kweli katika makazi yetu, maana muuguzi anaweza kuwa mzungumzaji wa Kinyankole au Kitooro, na mama amezoea Kiswahili cha Kivu au Kinyabwisha. Omba mkalimani. Kama mkalimani ni jirani yako ambaye hutaki ajue mambo ya nyumba yako, una haki ya kuomba mwingine, na huhitaji kutoa sababu mbele yake. Mtoto mgonjwa asifanywe mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Wala dada yake wa miaka 9 asiitwe kutafsiri maneno kama "alijaribu kujinyonga".

Ruhusa moja pia haifungui milango yote. Ukikubali mtoto azungumze na mshauri, hujakubali alazwe. Ukikubali dawa, hujakubali apigwe picha, ahojiwe na wageni au aingizwe kwenye utafiti. Kila jambo lina ruhusa yake. Unaweza pia kuiondoa uliyoitoa. Jambo la kuangalia ni dawa za kifafa: usizikatize ghafla nyumbani kwa sababu umebadili mawazo, maana degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kumuua mtoto. Njoo useme unataka kuacha, upangiwe namna ya kupunguza.

Mzazi hayupo, nani atakubali?

Kwanza tuwaondolee wasiwasi wale ambao wazazi wapo. Sheria ya Watoto inasema kila mzazi ana wajibu wa mzazi kwa mtoto wake. Imesema kila mzazi, haikusema baba peke yake. Mama ambaye mume wake amekwenda kutafuta kazi Kampala anaweza kumleta mtoto na kukubali matibabu yake. Ni vizuri wazazi washauriane, lakini simu ya baba kutopatikana siyo sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Sasa kwa walezi. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinaweka wajibu wa kumtunza mtoto juu ya mzazi, mlezi, au mtu yeyote mwenye mtoto mikononi mwake, na matibabu yametajwa kwa jina katika wajibu huo. Kifungu cha 6 kinaongeza kwamba wazazi wakiwa wamefariki, wajibu wao unaweza kupita kwa ndugu wa upande wa baba au wa mama, au kwa mlezi aliyekabidhiwa mtoto. Shangazi, mama mdogo, babu, nyanya, mnasikia? Sheria haiwaangalii kama wageni wanaoomba kusaidia. Inawadai mumtibu mtoto huyo. Asiyeruhusiwa ni yule mwenye mtoto anayekaa naye akiumwa bila kumpeleka popote.

Kinachosaidia ni maandishi. Kama jina la mtoto limo katika karatasi ya familia yenu iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, leteni karatasi hiyo. Kama mtoto aliingia kwenu baada ya kuandikishwa, au ameandikwa peke yake, mwambieni mhudumu wa ulinzi wa watoto mapema ili jambo hilo lirekebishwe kabla ya siku ya dharura. Lakini karatasi ikikosekana, bado njooni.

Mtoto aliyefika peke yake, bila mzazi wala ndugu mzima, yuko katika fungu lingine. Yeye anafuatiliwa na wahudumu wa ulinzi wa watoto pamoja na UNHCR na OPM, na kwa upande wa serikali yupo afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Likija suala zito, kwa mfano kumpeleka hospitali ya mbali kwa wiki kadhaa, hao hukaa na kupima lipi lina faida kwa mtoto, wakimuuliza na yeye mwenyewe. Mahakama ya familia na watoto nayo inaweza kutoa amri kuhusu malezi yake. Yule kijana wa miaka 17 anayelea wadogo zake anaingia hapa: yeye mwenyewe bado ni mtoto, hivyo asibebeshwe uamuzi mzito peke yake. Anajua kuliko mtu yeyote mdogo wake alivyobadilika, na daktari anamhitaji kwa maelezo hayo, lakini mtu mzima wa ulinzi wa watoto lazima asimame pamoja naye.

Mtoto naye ana kauli

Wazazi wengi hapa huona ajabu: mtoto wa miaka 10 aulizwe kama anakubali matibabu? Kwetu mtoto huambiwa, haulizwi. Lakini ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, inampa mtoto haki ya kusema maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na uelewa wake. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto unasema vivyo hivyo, na Sheria ya Watoto ya Uganda inawataka wanaoamua kuhusu mtoto waangalie matakwa na hisia zake.

Kumsikiliza hakumaanishi yeye ndiye anaamua kila kitu. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuambiwa tu, "tunakwenda kwa daktari akusaidie usiote ndoto mbaya". Wa miaka 10 aelezwe kidonge ni cha nini na aulize. Wa miaka 15 au 16 anayeelewa hali yake, akikataa, hiyo siyo jeuri ya kunyamazishwa kwa kofi. Kataa yake ina sababu, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo habari muhimu kuliko zote zilizosemwa chumbani. Pengine dawa inamfanya alale darasani. Pengine mtu anayemleta kliniki ndiye anayemuumiza.

Kwa hiyo mshauri akikuomba ukae nje kidogo ili aongee na mtoto peke yake, usidhani anakuondolea heshima. Atakayoambiwa hatayasambaza, wala hatakueleza yote. Atakueleza yale unayohitaji ili kumtunza mtoto. Na kuna mambo ambayo hawezi kuyaficha hata mtoto akiomba: kama mtoto anataka kujiua, au anataka kumdhuru mtu, au anapigwa, au anaingiliwa kimwili. Mtoto aambiwe hivyo kabla hajaanza kuongea. Kwa aliyebakwa, asubiriwe na yeyote yule isipokuwa kituo cha afya, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatakiwa ianze ndani ya saa 72.

Kuna tabia moja ambayo tunaomba iachwe, nayo ni kumficha mtoto dawa ndani ya uji. Tunajua inafanyika kwa upendo. Siku atakapogundua, atakataa dawa na atakataa uji pia, na kumrudisha kwenye imani itachukua muda mrefu zaidi kuliko ungetumia kumweleza siku ya kwanza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali dawa

Wazazi hulalamika kwamba mtoto amepelekwa kliniki na amerudi bila hata kidonge kimoja. Mara nyingi hiyo ndiyo tiba sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa matatizo ya akili hauruhusu dawa za huzuni kali kwa watoto chini ya miaka 12. Kwa vijana wakubwa kidogo, fluoksetini inaweza kufikiriwa pale mazungumzo na msaada wa familia yameshindwa. Mtoto aliyeona vita na sasa anashtuka usiku hapewi vidonge vya usingizi. Aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya tukio baya haadhibiwi wala haaibishwi mbele ya wenzake, na wazazi huelezwa kwamba mwili wake bado una hofu.

Kifafa ni tofauti. Hicho kinahitaji dawa, kila siku, kwa muda mrefu, na hakiambukizi kwa mate wala kwa povu. Kama mgonjwa ni msichana aliyevunja ungo, muulize daktari kama dawa anayotaka kumpa ni valproati, maana hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni akija kupata mimba, na kwa kawaida huepukwa kwa wasichana. Swali kama hilo linaonyesha kwamba sahihi unayokaribia kuweka ina maana.

Dharura haisubiri sahihi

Mtoto amekunywa sumu ya panya. Mtoto anaangukaanguka kifafa mfululizo bila kuzinduka. Kijana ameshika panga na hajui anamwona nani. Hapa mhudumu anatibu kwanza na kumtafuta mlezi huku kazi inaendelea, kisha anaandika kwenye faili sababu ya kutongoja. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, ina sehemu yake ya matibabu ya dharura, na dharura hiyo ina kikomo cha muda. Hali ikitulia, mazungumzo ya ruhusa yanarudi mezani.

Mtoto akihitaji kulazwa, kituo cha afya kitamwandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa yenye kitengo cha akili, kama Mbarara, Fort Portal au Hoima. Wachache hufika Butabika, hospitali ya taifa iliyoko Kampala, ambayo ina wodi ya watoto. Uliza nani atakaa na mtoto huko, na ni lini hali yake itaangaliwa upya. Swali la pili lina nguvu ya kisheria: ibara ya 25 ya Mkataba wa Haki za Mtoto inataka mtoto aliyewekwa mahali kwa matibabu aangaliwe upya mara kwa mara, ili asisahaulike huko. Na hospitali ya akili siyo mahali pa kumfundishia adabu mtoto mtoro au mbishi. Ukimleta kwa sababu hiyo daktari atakurudisha naye nyumbani, na ana haki ya kufanya hivyo.

Mzazi au mlezi anapokataa

Hapa tuseme wazi. Kuna watoto waliofungwa kamba nyuma ya nyumba kwa kuwa wanaitwa wachawi au wenye mapepo, na kuna wanaonyimwa chakula siku kadhaa kwa jina la maombi. Kuomba kwa ajili ya mgonjwa hakuna sheria inayokataza, na wapo wachungaji na mashehe wanaowasindikiza waumini wao kliniki, tunawashukuru. Lakini ibara ya 34 ya Katiba ya Uganda inasema mtoto asinyimwe matibabu kwa sababu ya imani ya dini au imani nyingine yoyote. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Watoto kinakataza mila zinazodhuru afya ya mtoto. Na wale wanaosema "hayo ni ya Uganda, sisi Kongo tuna desturi zetu", wakumbuke kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Desturi hiyo haina makazi hata nyumbani.

Ukiona mtoto wa jirani amefungwa au ananyimwa matibabu na watu wenye uwezo wa kumpeleka, Sheria ya Watoto inakutaka utoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Katika makazi yetu unaweza kuanzia kwa kiongozi wa kamati ya wakimbizi wa kijiji, mhudumu wa afya wa jamii, au meza ya ulinzi wa watoto. Hawataanza kwa kumnyang'anya mtu mtoto. Kwa kawaida huanza kwa kukaa na mlezi, maana wengi hukataa kwa hofu tu: hofu ya kuchekwa, hofu ya gharama, hofu kwamba binti hataolewa. Huduma za akili katika vituo vya afya vya makazi hazilipiwi, na faili la kliniki halisomwi mkutanoni.

Mnapokuja

Njooni siku ya kliniki ya akili ya kituo chenu. Wahudumu wa afya wa jamii wanaijua. Mlete karatasi ya familia kama ipo, dawa zote anazotumia mtoto pamoja na za mitishamba, na kitabu cha kliniki cha zamani hata kama kimeandikwa Kifaransa. Aje mtu anayelala nyumba moja na mtoto, kwa sababu ndiye anajua usiku unakuwaje. Kama ni kifafa, mtu aliyemwona akianguka aje kueleza, au mtu mwenye simu ya kamera arekodi mara itakapotokea tena, ila video hiyo ionyeshwe kwa daktari tu.

Mkiambiwa mrudi kwa kuwa "mzazi hayupo", muulizeni mhudumu kwa upole jina la mkuu wa kituo, mwende kwake siku hiyohiyo. Msiporidhika, peleka jambo kwa mhudumu wa ulinzi wa watoto au ofisi ya mkuu wa makazi wa OPM, mkitaja tarehe, saa na alichosema mhudumu.